Kuweka meza Kisii na Nyamira msimu wa Desemba: mambo ya kujua kabla hujasafiri

Kila Desemba Wapwani wengi hufunga safari ya kwenda Kisii na Nyamira. Kuna waliooa au kuolewa huko, kuna wanaopeleka posa, na kuna wanaomsindikiza rafiki kwenye harusi. Kwa kuwa nimezaliwa Nyamira na naishi Mombasa, huulizwa maswali mengi kuhusu safari hiyo, na moja hurudi kila mwaka: tutakula wapi tukiwa watu kumi na tano, na nani atatupokea?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Ujumbe wa posa ukifika kwa wakwe na njaa, umechoka, watu wananung'unika, mazungumzo huanza vibaya. Mwenye kuwaalika wazee wa upande wa pili hotelini akakuta mlango umefungwa, aibu hiyo husimuliwa miaka. Hapa nimekusanya yale ninayowaambia jamaa na majirani kila msimu.

Kalenda yenyewe

Huku kwetu hoteli kadhaa za Lamu na Watamu hufunga majira ya mvua za masika, wageni wakiwa wachache. Kule bara mambo ni kinyume: jikoni hufungwa siku zile zile ambazo mji umejaa watu. Wapishi na wahudumu nao wana kwao, na Krismasi wanataka kuila na wazazi wao.

Jambo la pili ni Sabato. Kisii na Nyamira ni ngome ya Kanisa la Waadventista Wasabato. Misheni yao ya kwanza nchini ilianzishwa Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na baadaye wakajenga kituo Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii. Wakatoliki nao wana Nyabururu, si mbali na hapo. Kwa Msabato, siku takatifu huanza Ijumaa jua linapotua na kwisha Jumamosi jua linapotua, na katika muda huo hauzi wala hanunui. Duka, kibanda cha chakula au hoteli ya Msabato hufungwa. Aliyezoea Mji wa Kale mchana wa Ramadhani ataelewa mara moja: mji haujafa, ila usitarajie kupata sahani ya pilau saa saba mchana.

Sasa tazama kalenda ya 2026. Krismasi ni Ijumaa na tarehe 26 Desemba ni Jumamosi. Maana yake sikukuu inaungana na Sabato bila mwanya: mchana wa Ijumaa watu wako kwenye sherehe, jioni Sabato inaingia, na biashara nyingi hazitafunguka hadi Jumamosi usiku au Jumapili. Wiki inayofuata ni vivyo hivyo, kwa kuwa 1 Januari 2027 nayo ni Ijumaa. Ukiwa na uhuru wa kuchagua siku ya kuwakaribisha wakwe hotelini, chagua kati ya Jumapili na Alhamisi.

Kwa nini nafasi huisha mapema

Kwanza, watoto wako likizo, na Novemba na Desemba ndio msimu wa tohara kwa Wakisii. Kijana akitoka jandoni familia hufanya karamu, na watu hukodi mahema, viti, sufuria na wapishi. Mpishi mzuri wa mtaani unayemtegemea huenda ameshachukuliwa wiki tatu kabla.

Pili, harusi na matanga. Familia nyingi hupanga arusi Desemba kwa kuwa ndugu wote wako nyumbani.

Tatu, jamaa wa ng'ambo. Wakisii ni wengi sana katika jimbo la Minnesota, Marekani, hasa vitongoji vya Minneapolis. Wanaporudi nyumbani Desemba huchukua vyumba na kumbi za hoteli kwa siku kadhaa mfululizo. Mtu wa Minnesota amezoea kuweka meza kwa simu, kutoa namba ya kadi na kutozwa asipotokea. Amezoea pia kuwa mwisho wa mwaka haumsubiri mtu: kule London, kwa mfano, treni za chini ya ardhi na mabasi hayatembei kabisa tarehe 25 Desemba, na mikahawa inayobaki wazi hutoa mlo maalumu uliolipiwa mapema. Kwa hiyo yeye hupiga simu Oktoba. Wewe ukipiga tarehe 20 Desemba, unagombania mabaki.

Mahali pa kula

Mjini Kisii kuna hoteli kubwa zenye kumbi na bustani, zinazoweza kulisha kundi la watu. Hizi ndizo zinazofaa kwa ujumbe, na nyingi hupika hata siku ya sikukuu kwa ajili ya wageni wanaolala pale. Ukilala hapo hapo, chakula chako kina uhakika zaidi kuliko cha mtu anayeingia kutoka nje.

Nyamira mjini ni padogo, na nafasi za kundi kubwa ni chache. Keroka, iliyoko mpakani mwa kaunti hizi mbili kwenye barabara ya Sotik, ni mahali pazuri pa kukutana ikiwa upande mmoja unatoka Borabu na mwingine unatoka Kisii. Lakini Keroka ni mji wa soko na magari; foleni ya Desemba inaweza kukuchukua saa nzima.

Kwa msomaji Mwislamu: Kisii ina Msikiti wa Jamia, na kuna jamii ya Wanubi iliyokaa mji huo tangu enzi za ukoloni. Ulizia mikahawa ya Waislamu maeneo ya karibu na msikiti. Hii pia ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa wazi Jumamosi. Habari njema ni kwamba Msabato naye hali nguruwe, kwa hiyo katika nyumba nyingi za wakwe hilo halitakuwa tatizo. Suala la nani amechinja ndilo la kulizungumza mapema, kwa upole, kabla kuku hajakamatwa.

Namna ya kuweka nafasi

Piga simu, usitegemee mtandao peke yake. Kurasa nyingi za hoteli ndogo hazijaguswa tangu zifunguliwe, na saa zilizoandikwa pale si za sikukuu. Ukipiga, uliza haya: mtakuwa wazi tarehe hiyo? Jikoni inafungwa saa ngapi? Mwenye hoteli ni Msabato? Usione haya kuuliza hilo la mwisho. Kule ni swali la kawaida. Uliza pia kama siku hiyo watapika orodha yote au vyakula vichache tu.

Kisha omba jibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu: tarehe, saa, idadi ya watu, chakula, bei, arbuni iliyolipwa na jina la aliyepokea. Nasema hivi kwa sababu. Mwaka mmoja tulilipa arbuni ya watu kumi na wanane katika hoteli moja huko, na tulipofika meza zilikuwa zimepewa kundi jingine. Meneja aliyepokea simu yetu alikuwa amekwenda likizo, na aliyebaki hakuwa na habari. Kilichotuokoa ni ujumbe uliobaki kwenye simu ya shangazi. Tuliuonyesha, wakatutafutia ukumbi wa juu, na wazee wakala, ingawa saa mbili baadaye.

Arbuni ilipwe kwa namba ya biashara, si kwa simu ya mtu binafsi. M-Pesa huonyesha jina kabla hujathibitisha malipo; likiwa si la hoteli, simama na uulize. Ukituma pesa mahali pasipo, peleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456 mara moja kuomba urejeshewe. Tembea pia na fedha taslimu kiasi, kwa kuwa tarehe 25, 26 na 1 benki zimefungwa na mawakala wengi huishiwa na pesa.

Siku mbili kabla ya kufika, piga simu tena.

Safari na saa ya mlo

Mombasa hadi Nairobi ni kilomita karibu 480, na Nairobi hadi Kisii kupitia Narok, Bomet na Sotik ni zaidi ya 300. Usiweke chakula cha mchana siku ile ile mnayosafiri. Anayetumia ndege hutua Kisumu, kisha bado ana zaidi ya kilomita 100 za barabara. Weka mlo wa kwanza usiku au kesho yake, na ubebe sweta: nyanda hizo ziko juu na jioni baridi huuma, hasa upande wa Nyamira kwenye mashamba ya chai.

Cha kuagiza

Kuku wa kienyeji aagizwe siku moja kabla, kwani hutafutwa, huchinjwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Omba obokima, ugali wa wimbi, na chinsaga. Mpwani asiogope jina: chinsaga ni mgagani, ule ule tunaouita mwangani, ila wao huupika taratibu kwa maziwa hadi uchungu upungue. Rinagu ni mnavu. Ndizi za kupika ziko kila mahali. Samaki wa Ziwa Victoria hupatikana, lakini siku za sikukuu ulizia ameletwa lini.

Adabu ya meza

Wakisii wana ensoni, heshima yenye haya baina ya vizazi na baina ya wakwe. Mkwe wa kiume hakai ovyo karibu na mama mkwe wake, achilia mbali kula naye bega kwa bega. Unapoweka nafasi, omba meza mbili au vyumba viwili, na umwachie mzee wa upande wao apange nani akae wapi. Salamu ya asubuhi ni "Bwakire". Itakufungulia mlango.

Mkikuta pamefungwa

Msizunguke mji mzima na wazee ndani ya gari. Nendeni kwenye hoteli kubwa yenye wageni wanaolala, au maeneo ya msikiti. Ikishindikana, mpigieni simu mwenyeji na mseme ukweli. Nyumba ya Mkisii haikosi ndizi jikoni, na Msabato huandaa chakula cha Jumamosi tangu Ijumaa mchana, mara nyingi zaidi ya mahitaji ya nyumba. Mgeni mwenye njaa hafukuzwi, na arbuni iliyopotea itadaiwa Jumatatu.