Uki: Utamu Uliongoja Mvua

Kwa Wakamba wa Mutomo na kusini yote ya Kitui, neno uki ni asali, na uki vilevile ni pombe inayotengenezwa kwa asali hiyo. Anayetaka kuondoa utata husema uki wa nzuki, yaani wa nyuki. Huenda mtu akasema huo ni uhaba wa msamiati tu. Lakini Wakikuyu, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kikamba, wana neno la namna hiyohiyo kwa asali, na pombe wakaipa jina lake, njohi. Ninaamini jina moja la Wakamba limehifadhi historia: raha ya ulimi na ibada zilitoka mzinga mmoja.

Tuangalie asali yenyewe inavyopatikana. Mwatu, mzinga wa gogo lililochongwa, hutundikwa juu ya mti katika nchi kame ambamo maua hungoja mvua, hasa zile za Oktoba hadi Desemba ambazo mkulima wa Ukambani huzitegemea kuliko za masika. Mvua ikikosekana, migunga haichanui na nyuki huhama. Kwa hiyo kilumi, ngoma ya akina mama watu wazima ya kuomba mvua na kutuliza aimu, roho za wahenga, haikuwa mbali na utamu hata kidogo. Mvua iliyoombwa ndiyo iliyochanusha maua. Asali ikachachushwa kwa matunda makavu ya mwatine, na sehemu ya pombe hiyo ikarudishwa ithembo, mahali patakatifu penye miti mikubwa, ikamiminwa chini. Mwanatheolojia John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliandika mwaka 1969 kwamba dini za jadi za Afrika hazitengi takatifu na la kawaida. Kwa maoni yangu, hakuna ushahidi wa kauli hiyo unaoshikika kuliko kibuyu cha uki. Mahali pengine pia asali imeingia katika imani: Wayahudi huchovya tofaha ndani yake mwaka wao mpya unapoanza, Wahindu huichanganya katika panchamrita, na Sura An-Nahl ya Kurani inataja ponyo lililomo katika kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki.

Pingamizi kubwa ni ulevi. Misheni ya Kikristo ya Africa Inland Mission, iliyoanza kazi Nzaui, Makueni, mwaka 1895, iliwataka waumini waache pombe na ngoma za jadi, na hakuna anayejua nyumba iliyovunjwa na pombe atakayeidharau kwa hilo. Hata hivyo, uki wa zamani ulikuwa na mipaka yake: ulikuwa wa wazee, vijana wakikatazwa, na asali yenyewe ilikuwa adimu mno kulewesha kijiji kila wiki. Ndiyo sababu siamini kwamba kanisa peke yake ndilo lililotenga raha na ibada. Kanisa lenyewe lina nyimbo, makofi na vigelegele, na waumini wengi bado hupeleka asali ukweni wakati wa mahari. Kilichokata uzi zaidi ni sukari iliyochukua nafasi ya asali katika mtungi. Sukari ya dukani haingoji mvua. Huchachushwa Agosti kama inavyochachushwa Januari, na anayeichachusha hana haja ya kutazama ua la mgunga wala kutega sikio asikie ngoma ya kilumi.