Mtoto aliyelishwa kupitia mshipa

Mwaka 1967, katika hospitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani, alilazwa mtoto mchanga wa kike aliyezaliwa karibu bila utumbo mwembamba unaofanya kazi. Upasuaji haukumponya, maziwa hayakuwa na pa kupita, na kila siku uzito ulizidi kushuka. Wakati huo watoto wa namna hii walikufa kwa njaa huku wamezungukwa na madaktari.

Utauliza, si wangemtundikia dripu tu? Haya, tupige hesabu. Lita moja ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, yaani kama kilokalori 200. Mtoto wa kilo mbili anahitaji takribani kiasi hicho kwa siku. Lakini lita nzima ndani ya mwili wa kilo mbili ni kumzamisha mtoto kwa ndani. Moyo na mapafu havihimili. Ukikoleza sukari ili upunguze maji, mishipa midogo ya mkononi inaungua na kuziba. Na hata ukifanikiwa, sukari peke yake haijengi misuli.

Stanley Dudrick, daktari kijana wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikuwa ameshahangaika na tatizo hili kwa watoto wa mbwa. Aliwalisha kwa mshipa tu, wakakua sawasawa na wenzao waliokula kwa mdomo. Mbinu yake ilikuwa kupitisha mrija mpaka kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo. Hapo damu ni nyingi na inakwenda kasi, kwa hiyo mchanganyiko mzito wa sukari, amino asidi, madini na vitamini unazimuliwa papo hapo kabla haujaunguza kitu. Yeye na mwenzake Douglas Wilmore wakamfanyia yule mtoto hivyohivyo. Akaongezeka uzito, akarefuka. Habari zake zilichapishwa mwaka 1968 na kusomwa duniani kote. Aliishi hivyo kwa karibu miezi 22, kisha akafariki. Masimulizi mengi huishia kwenye ushindi na kuruka sentensi hiyo ya mwisho.

Mafuta nayo yalikuwa kesi nyingine. Mafuta yakiingia kwenye damu yakiwa matone makubwa yanaziba mishipa. Msweden Arvid Wretlind alilitatua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa mafuta ya soya yaliyovunjwavunjwa kuwa chembe ndogo sana kwa msaada wa kiini cha yai.

Sasa hapa ndipo mambo yanaponoga. Dawa ya mtoto asiye na utumbo ikahamia kwa karibu kila mtoto mahututi ambaye mrija wa puani haukumtosheleza. Hoja ilionekana haina pingamizi: mgonjwa anahitaji nguvu, basi mlishe mapema. Miaka mingi ikapita bila mtu kuipima sawasawa, mpaka timu ya Greet Van den Berghe wa Leuven, Ubelgiji, ilipoamua kufanya hivyo. Watoto 1,440 wa Leuven, Rotterdam na Edmonton waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote waliendelea na mrija wa tumboni kadiri walivyoweza, lakini kundi moja lilianza lishe ya mshipa ndani ya saa 24, na lingine likasubiri wiki nzima.

Matokeo yalitoka 2016. Waliowahi kulishwa, asilimia 18.5 walipata maambukizi mapya. Waliosubirishwa, asilimia 10.7, na walitoka ICU mapema zaidi. Vifo havikutofautiana kwa maana. Maelezo mojawapo ni kwamba seli iliyojeruhiwa hufanya usafi kwa kula vipande vyake vilivyoharibika, na chakula kingi huizuia kazi hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki, wodi za watoto wenye utapiamlo mkali zilikuwa zikifuata kanuni inayofanana na hiyo, japo kwa sababu tofauti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 unaanza na maziwa ya F-75, kilokalori 75 tu kwa mililita 100, kidogokidogo usiku na mchana, maana mwili uliozoea njaa ukishibishwa ghafla madini ya damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. F-100 inasubiri mpaka hamu ya kula irudi.

Mtoto asiye na utumbo, yeye hana wiki ya kusubiri. Bado anaanzishiwa mrija wa Dudrick mapema.