Ramsa ya Arusi: Kicheko Kinapofika kwenye Hatimiliki

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu wa Meru na Embu, waulize wanafunzi wako wakupe mfano wa ramsa. Aghalabu watakutajia kichekesho cha runinga ambamo wakwe wanazozana siku ya arusi. Jibu hilo si baya. Tatizo huanza tunapowaambia kwamba ramsa ni kazi ya kuchekesha yenye mwisho wa furaha, kisha tukafunga daftari. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa anayetaka kuielewa ramsa ya arusi sharti ajiulize swali moja: mali inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani? Kicheko hukoma pale jibu linapobadilika.

Usuli

Mvutano wa posa na ndoa si mgeni katika tamthilia zetu. Miaka ya 1950, vijana waliosomea Alliance High School walianza kutunga na kuigiza kwa Kiswahili. Henry Kuria alichapisha Nakupenda Lakini mwaka wa 1957, na Gerishon Ngugi akafuata na Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi mwaka wa 1961. Majina yenyewe yanadokeza mapenzi yenye vikwazo.

Hata hivyo, kazi iliyoufikisha mvutano huo mbali zaidi ilitungwa kwa Kikuyu, lugha iliyo jirani na Kiembu na Kimeru. Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii iliigizwa mara ya kwanza Kamirithu, Limuru, tarehe 2 Oktoba 1977. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho. Tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, ilitoka mwaka wa 1982.

Wageni wanaosubiriwa

Kiguunda na mkewe Wangeci ni maskini wenye kipande cha shamba cha ekari moja na nusu na hatimiliki yake. Tajiri Kioi na mkewe Jezebel wametuma habari kwamba watawatembelea. Binti wa nyumba hii, Gathoni, anapendana na John Muhuuni, mwana wa Kioi. Wazazi wanahitimisha kwamba wageni wanaleta posa. Wageni wanapofika, wanahubiri: Kiguunda na Wangeci wanaishi katika dhambi kwa kuwa hawakufunga ndoa kanisani. Kiguunda anakasirika na kuwafukuza kwa upanga.

Hapa ndipo wanafunzi wetu wana nafasi nzuri kuliko wengine. Wengi wao wamewahi kuona ruracio nyumbani. Wanajua kwamba mgeni wa posa hasemi moja kwa moja alichokuja kutafuta. Husema ameona mtamba katika boma hili, au amepotelewa na kondoo, na wazee huzunguka na maneno mpaka jambo lijitokeze. Kule Igembe na Tigania kitita cha miraa hutangulia mazungumzo. Ndiyo maana ni makosa kuwafunza wanafunzi kwamba Wangeci na Kiguunda ni wajinga. Hawa ni watu waliolelewa kusikia posa ndani ya maneno yanayozungumzia jambo jingine. Baadaye wanashauriana na kuamua kwamba Kioi anataka kwanza wawe wakwe wanaofaa machoni pa kanisa. Wamesoma ishara kwa kanuni za mila, ilhali Kioi hafuati kanuni hizo. Kinaya cha kidrama kimejengwa juu ya pengo hilo.

Mali inapogeuza njia

Tazama sasa mwelekeo wa mali. Katika mila ya Wameru, mali ya ndoa ilikuwa ng'ombe, fahali, kondoo jike, kondoo dume na asali, na yote yalielekea nyumbani kwa binti. Katika tamthilia hii yanatukia kinyume. Ili kugharamia arusi ya kanisani, baba wa binti anaweka hatimiliki rehani na kukopa benki, Kioi akimsaidia kupata mkopo huo. Muhuuni anampa Gathoni mimba na kumtoroka. Kiguunda anapokwenda kudai haki, Jezebel anamwelekezea bastola. Mwishowe shamba linapigwa mnada na kuangukia mikononi mwa Kioi. Posa haikuja, na shamba limekwenda.

Msomaji wa Embu au Meru anaelewa uzito wa hati hiyo. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, amri zake ziliwalenga Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa pamoja. Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ukaharakisha upimaji wa mashamba na utoaji wa hati. Kuanzia hapo shamba la mtu liliweza kwenda kwa saini moja.

Linganisha na filamu

Filamu ya Monsoon Wedding (2001) ya Mira Nair, mwelekezi aliyeishi Kampala na kuanzisha huko Maisha Film Lab, itakusaidia darasani. Lalit wa Delhi anahangaika na gharama za arusi ya bintiye, Aditi. Kisha inafichuka kwamba Tej, shemeji tajiri ambaye familia inamheshimu kwa ukarimu wake, aliwahi kumdhulumu kimapenzi Ria alipokuwa mtoto. Lalit anamfukuza Tej, na arusi inaendelea. Filamu inabaki ramsa kwa sababu baba aliweza kuukataa mkono wa tajiri. Kiguunda alimfukuza Kioi mapema, lakini alipomrudia na kuingia katika deni, mlango wa ramsa ulifungwa.

Kicheko na dola

Tarehe 16 Novemba 1977 kibali cha kuigiza kiliondolewa. Ngugi wa Thiong'o alikamatwa mwisho wa mwaka huo na kuzuiliwa bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Machi 1982 polisi walibomoa ukumbi wa wazi wa Kamirithu. Tamthilia ilirudi jukwaani Nairobi Mei 2022, na Ngugi akafariki Mei 2025. Serikali haikuogopa utani wa wakwe. Iliogopa hadhira iliyokuwa imeanza kuhesabu mali inakoelekea.

Hitimisho

Ukifunza ramsa muhula ujao, wape wanafunzi maswali haya: Nani anaamini amekuja kupokea? Nani hasa anatoa? Je, mhusika anayechekwa anaweza bado kusema hapana? Waache waigize mapokezi ya Kioi kama ruracio ya kwao, huku wazee wakisubiri neno la posa lisilokuja. Darasa litacheka. Ufikapo ukurasa wa hatimiliki, nyamaza kidogo, uwasikilize wanavyonyamaza nao.