Mapenzi ya Gemu na Koito ya Sigor

Niko Sigor, Kaunti ya Bomet. Nimekuwa kimya kidogo. Nilikuja nyumbani kwa koito, yaani mazungumzo ya posa kwetu Wakipsigis, huku kwenye laputopu nina gemu yangu ndogo isiyokwisha. Kinachonikwamisha ni mapenzi. Kila mhusika ninayemwandika anapenda kama mashine. Basi nikarudi kwenye historia kutafuta kosa.

Mwaka 1994 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa Tokimeki Memorial. Wewe ni mwanafunzi wa sekondari, na programu inahesabu kimyakimya jinsi kila msichana anavyokupenda. Ukimpuuza mmoja muda mrefu, uvumi unaenea na wenzake pia wanakupunguzia alama. Namba tupu, lakini namba zinazosengenyana!

Mwaka 2000 BioWare ya Kanada ikaleta Baldur's Gate II. Waliochungulia faili zake walikuta kigezo kinachoitwa LoveTalk na kipima muda. Muda ukifika, mwenzako ndiye anayeanza mazungumzo. Ukijibu ovyo, mapenzi yanaweza kufa hapo hapo. Jaheira, mmoja wao, anafiwa na mumewe Khalid mwanzoni kabisa mwa hadithi. Ukimtaka, unamkuta na msiba wake. Kodi ni rahisi mno, ila mtu ana maisha yaliyotangulia kukujua wewe.

Mwaka 2009 kampuni hiyo hiyo ilitoa Dragon Age: Origins. Safari hii kipimo kiliwekwa wazi machoni pa mchezaji, kutoka -100 hadi 100, na zawadi zinakipandisha. Kwa maoni yangu hapo mapenzi yalianza kunuka duka. Unatoa kitu, unatazama mshale.

Utaniambia: hata koito ina namba. Kweli, ng'ombe walihesabiwa. Lakini kabla ya kutajwa hata ng'ombe mmoja, wazee waliulizana koo: huyu ni wa nani, na damu zetu haziingiliani? Jioni, tukinywa mursik, nilimwuliza kogo, nyanya yangu, kama ng'ombe si alama tu. Akacheka. "Kijana wangu, ng'ombe wataliwa. Wakwe watabaki."

Nikakumbuka Aurion: Legacy of the Kori-Odan, iliyotolewa mwaka 2016 na Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni. Mwanamfalme Enzo anamwoa Erine siku ile ile ya kutawazwa, kisha anapinduliwa na shemeji yake, kaka wa Erine. Wanakimbia pamoja na wanapigana pamoja. Gemu nyingi zinaishia kwenye busu, hii inaanzia kwenye ndoa. Na mke yuko kati ya mume na kaka. Hilo naliamini, kwa sababu nimelishuhudia vikaoni, pasipo panga.

Kwa hiyo jana usiku nilifuta kigezo changu cha "upendo". Mahali pake nimeweka orodha ya watu wa msichana: mama, kaka, mjomba, kila mmoja na kumbukumbu yake. Na yeye mwenyewe anaweza kukataa hata ukifanya yote sawasawa. Gemu sasa ina hitilafu kumi na moja mpya. Lakini kwa mara ya kwanza alinikataa, nami nikaumia kidogo.

Wewe je, ni mhusika gani uliwahi kumwamini?