Uigaji wa malighafi za betri

Ni ukokotoaji, kwa kompyuta, wa tabia ya atomi ndani ya malighafi kabla ya kitu chenyewe kuundwa maabarani. Msingi wake ni nadharia ya msongamano wa elektroni ya Hohenberg na Kohn (1964). Kwayo hukisiwa volti ya betri na wepesi wa ioni za lithiamu kupenya grafiti au oksidi. Makisio hayo si msahafu: kwa oksidi za kobalti, hesabu ya kawaida hushusha volti kuliko ilivyo. Kenya iliandaa ASESMA, shule ya Afrika ya mbinu hizi za ukokotoaji, huko Eldoret mwaka 2012; programu ya kufanyia hesabu hizo, Quantum ESPRESSO, ni ya bure, nafuu kubwa kwa vyuo.