Msamaha Ulioombwa Songea

Ndugu msomaji, mwezi wa Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, mkoani Ruvuma, na kwenye Makumbusho ya Majimaji akawaomba radhi watu wa pale kwa waliyotendewa wazee wao. Sisi tuliozoea kudhani kwamba mkubwa hamwombi radhi mdogo, yatupasa tuitazame habari hii, kwani ndani yake mna somo la toba.

Kwanza tukumbushane kisa chenyewe. Wajerumani waliingia Ungoni mwaka 1897, wakajenga boma karibu na makao ya Nduna Songea Mbano, na mji ukachukua jina lake. (Baadhi ya waandishi wa Kiislamu humwita Abdulrauf Songea. Mjadala wa dini yake siuingii hapa, maana dhulma ni dhulma hata akitendewa asiyeswali.) Vita vya Majimaji vilianza Umatumbi, nyuma ya Kilwa, Julai 1905, kwa uchungu wa kodi na wa kulimishwa pamba kwa nguvu. Baada ya muda mfupi Wangoni nao wakaingia. Tarehe 27 Februari 1906, katika mji huo wa Songea, Wajerumani waliwanyonga watu zaidi ya 60, manduna na wakubwa wa Wangoni wakiwamo, wakawafukia katika kaburi moja. Nduna mwenyewe alinyongwa siku chache baadaye. Wazee husimulia kwamba alikataa kubaki hai nyuma ya wenzake. Kichwa chake kikakatwa, na ukoo wake unaamini kilipelekwa Ujerumani.

Tena waliokufa kwa kamba ndio wachache. Jeshi lilichoma maghala na mashamba kwa makusudi, ili njaa iwamalize waliosalimika na bunduki. Wajerumani wenyewe walihesabu wafu 75,000. Wapo wanahistoria waliofikisha hadi 300,000. Aliyenyongwa ana kaburi la kuzuriwa. Mtoto aliyekufa kwa njaa porini hana hata hilo.

Sasa tulipime jambo hili kwa mizani yetu. Imamu an-Nawawi, katika Riyadhus-Salihin, ameeleza kuwa toba ina masharti matatu: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Na ikiwa kosa limegusa haki ya mja, huongezeka la nne, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake au kuombana naye uhalali. Maneno ya majuto yalisikika pale Songea, na ya moyoni anayajua Mwenyezi Mungu. La nne ndilo lililobaki. Rais yule alisema watasaidiana kulitafuta fuvu la Nduna, ila hakuweza kuahidi kuwa litapatikana. Mimi naona alifanya vyema kutoahidi asilo na hakika nalo. Hata hivyo ilikuwa imepita miaka 117, na wajukuu walikuwa bado wanangoja.

Ama sisi, ndugu msomaji, ni wepesi wa kumhesabia Mjerumani. Katika kumi la mwisho la Ramadhani twalia mpaka ndevu zikalowa, na asubuhi yake twapeleka wakwezi katika minazi ambayo nusu yake ni ya dada yetu, naye hajaonja hata dafu tangu baba alipofariki. Mwengine ameshika mali ya yatima miaka ishirini, akiulizwa asema anaitunza. Toba gani hiyo? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hata shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Basi machozi yetu sisi tusiokufa shahidi yatafuta nini?

Wala usijipumbaze kwamba mwenye haki amekwisha kufa. Haki haifi naye, hurithiwa. Ndiyo maana ukoo wa Mbano una haki ya kudai kwa jambo la mwaka 1906. Mtafute mwenyewe angali hai. Ikiwa hayupo, watafute warithi wake, uwape hesabu kamili mbele ya mashahidi. Na ukitafuta kwa kweli usiwapate, maulamaa wamesema imtolee sadaka kwa niaba yake mwenyewe, na siku warithi wakitokea, uwe tayari kuwalipa.