Siku Moja Tolemai

Katika Matendo ya Mitume 21:7 Luka anatupa habari za usharika mzima kwa maneno machache. Anasema kwamba yeye na wenzake, pamoja na mtume Paulo, walifika Tolemai kutoka Tiro, wakawasalimu ndugu na kukaa kwao siku moja. Basi. Tolemai haitajwi tena popote katika Agano Jipya. Hatuambiwi nani aliuanzisha usharika ule, wala wazee wake walikuwa akina nani. Kinachokumbukwa ni siku moja ya wageni.

Tolemai ndio mji uitwao leo Akko, katika pwani ya Bahari ya Mediterania. Maneno ya Kigiriki aliyotumia Luka yanahusu safari ya merikebuni kufikia mwisho wake, na kwa sababu hiyo baadhi ya wafafanuzi huona kwamba kutoka hapo wasafiri waliifuata pwani kwa miguu hadi Kaisaria, zaidi ya kilomita 50 upande wa kusini. Kutembea hakukuwa jambo geni kwa Paulo. Katika safari hiyo hiyo, wenzake walipopanda merikebu kule Troa, yeye alichagua kwenda kwa miguu mpaka Aso, mwendo wa kilomita 30 hivi.

Tukumbuke pia kwamba alikuwa na haraka. Aliupita Efeso bila kushuka ili, ikiwezekana, awahi Yerusalemu kwa siku ya Pentekoste. Alikuwa akipeleka changizo la makanisa kwa watakatifu waliokuwa maskini. Kule Tiro wanafunzi walikwisha kumwonya asipande kwenda Yerusalemu. Mtu mwenye mzigo kama huo tungetarajia apite Tolemai mbio. Lakini alisimama siku nzima.

Aliyewahi kutembea safari ndefu anajua siku ya namna hiyo ina kazi gani. Miguu huoshwa na kutazamwa malengelenge, nguo hufuliwa, kamba ya kiatu hushonwa, na chakula cha njiani hutafutwa. Mambo haya Luka hakuyadharau. Walipokuwa Kaisaria, baada ya siku kadhaa nyumbani kwa Filipo, anaandika kwamba walifungasha vitu vyao, na wanafunzi wa pale wakawasindikiza hadi kwa Mnasoni, mtu wa Kipro, ambaye wangelala kwake. Kitabu kinachosimulia kazi ya Roho Mtakatifu kina nafasi ya mizigo na malazi.

Kanisa la kwanza liliendelea kuitunza siku hiyo. Didake, kitabu ambacho wasomi wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, kinaagiza kwamba mtume anayepita apokewe kama Bwana mwenyewe. Akae siku moja, na ikiwa kuna haja, ya pili. Akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha malazi yajayo. Akidai fedha, huyo naye ni nabii wa uongo. Na msafiri wa kawaida anayetaka kuhamia pale, kama ana ufundi, afanye kazi ale.

Katika karne ya 6 Benedikto naye aliandika katika Kanuni yake kwamba wageni waoshwe miguu, na kwamba ndugu wanaotumwa safari wapewe nguo za ndani kutoka ghalani, wakazirudishe zimefuliwa. Hata kufua kuliingia katika utaratibu wa imani.

Haya yanatugusa sisi leo. Tunawaona manabii wanaokuja kwa siku moja na kukaa miezi, na kila jioni bahasha hupitishwa. Sharika zilizokwisha kudanganywa hivyo hufunga mlango, na anayeumia ni mgeni wa kweli aliyechoka. Wazee wetu wa Didake walidanganywa pia. La sivyo wasingeweka sheria ile. Hata hivyo hawakufunga mlango. Waliupa ukarimu kipimo, ili mwenyeji asinyonywe na mgeni asifukuzwe.

Sisi watumishi nasi tuna neno letu la kujifunza. Tunapenda kuhesabu mitaa tuliyoizunguka, na tunaona aibu kuketi wakati mtu mwingine anatufulia shati. Paulo, aliyejitapa kwamba alifanya kazi kwa mikono yake mwenyewe, alikubali siku moja kuwa mgeni wa watu ambao hata majina yao hatuyajui.

Kila mwaka sharika zetu hujaza taarifa: waliobatizwa, waliopata kipaimara, ndoa, sadaka. Hayo yote ni mema. Usharika wa Tolemai bila shaka ulikuwa nayo mengi ya kuandika. Katika Maandiko umebakiwa na jambo moja tu, nalo halina safu katika fomu zetu.